UZI: Sauti huru ya mjini inalipiwa na nani? Kutoka Nasser Road hadi kizindaalo cha mtaani

Mpanga Kurasa (mwanzisha uzi)

Wana jukwaa, salaam.

Nimekaa Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, miaka 19 nikipanga kurasa za magazeti madogo, kadi za harusi, kalenda za vyama na vitabu vya mashairi ambavyo mtunzi hulipa nusu leo na nusu siku asiyoitaja. Katika kazi hii nimeona vijarida vingi vya mjini vikizaliwa na kufa, na karibu kila kimoja kilipokufa wenyewe waliilaumu serikali. Serikali inayo sehemu yake, nami nitaitaja bila kuuma maneno. Lakini mimi niliyekuwa nikiwaandikia ankara najua kwamba vingi havikuuawa na amri ya mtu. Vilikufa siku mlipaji alipobadilika. Kwa hiyo ukitaka kujua kama chombo cha habari au cha sanaa ni huru, usianze na tahariri yake. Uliza nani alilipia karatasi.

Nianze mbali kidogo. Mwaka 1961 Rajat Neogy, mzaliwa wa Kampala, alianzisha hapa mjini jarida la Transition, likawakusanya waandishi wa Afrika nzima kubishana juu ya fasihi, lugha na siasa, na kwa miaka michache mtu wa Lagos na mtu wa Nairobi walitazamia hoja mpya itoke Kampala. Mwaka 1968 Neogy alitiwa ndani pamoja na mbunge Abu Mayanja kwa sababu ya maandishi yaliyomkera Rais Obote. Kisa hicho kinasimuliwa sana. Kinachosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba muda mfupi kabla ya hapo ilikuwa imekwisha fichuka kuwa Congress for Cultural Freedom, taasisi ya Paris iliyokuwa ikilisaidia jarida kwa fedha, yenyewe ilikuwa ikilishwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Jarida lilikuwa na makali yake hata hivyo, na serikali haimfungi mtu ambaye maneno yake hayana uzito. Ila tangu siku hiyo kila adui wa Neogy alikuwa na jiwe mkononi, na jiwe lenyewe alipewa na mlipaji.

Linganisheni na The Monitor. Mwaka 1992 kundi la waandishi waliotoka katika gazeti la Weekly Topic, miongoni mwao Wafula Oguttu na Charles Onyango-Obbo, walianzisha gazeti lao. Mwaka uliofuata serikali iliziamuru idara zake zisiweke humo tangazo hata moja, na katika nchi ambayo serikali ndiyo mtangazaji mkubwa, amri ya namna hiyo ni kumfungia mtu mlango wa jikoni. Gazeti halikufa, kwa sababu msomaji wa Wandegeya na wa Jinja alitoa shilingi zake mwenyewe kila lilipotoka. Baadaye, mwaka 2000, Nation Media Group ya Nairobi ilinunua sehemu kubwa ya hisa. Polisi walilifunga mwaka 2002 na tena 2013, kila mara kwa siku kumi hivi. Na mwaka 2004 Mahakama ya Juu ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo katika kesi ya Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, ushindi ambao kila mwandishi wa nchi hii anaula mpaka leo. Ninauheshimu ushindi huo. Lakini miaka ile ya kunyimwa matangazo, kabla ya hukumu yoyote, kilicholiweka hai ni sarafu za msomaji.

Mfano ninaoupenda zaidi hauna karatasi wala wino. Msomaji wa Kiswahili atalitambua neno ekimeeza bila kufasiriwa, maana ni meza yetu hii hii iliyovikwa kiambishi cha Kiluganda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Radio One ilipeleka maikrofoni Club Obligatto, watu wakajiandikisha, kila msemaji akapewa dakika zake chache, na mjadala ukaenda hewani moja kwa moja. CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ikawa na Mambo Baado, na vituo vingine vikafuata. Fundi viatu aliweza kumjibu mbunge mbele ya watu, na mbunge akalazimika kungoja zamu yake. Kilichomgharimu mwananchi kilikuwa nauli, na soda moja ya kukalia kiti. Septemba 2009 Kabaka, mfalme wa Buganda, alipozuiwa kwenda wilaya ya Kayunga na Kampala ikawaka kwa ghasia, serikali ilivizima vituo vinne, CBS ikiwa mojawapo, na ikapiga marufuku bimeeza (wingi wa ekimeeza) vyote. CBS ilirudi hewani Oktoba 2010. Meza zile za wazi hazikurudi.

Hapo nakiri hoja yangu inapata ufa, kwa kuwa msikilizaji alikuwa mwenyewe mezani na sauti ikazimwa vilevile. Lakini tazameni kilichozimwa kilikuwa na nini: leseni, mnara, na mwenye kituo aliyekuwa na mali ya kupoteza.

Sasa la kwangu mwenyewe. Zamani kidogo vijana sita kutoka Bwaise, mtaa wa hapa Kampala unaofurika maji, walinijia na kurasa nane za Kiluganda. Zilikuwa na mashairi, ratiba ya mashindano ya kufoka, bei za vyumba vya kupanga eneo kwa eneo, na ukurasa wa nne ulikuwa na ramani iliyochorwa kwa kalamu ya wino, ikionyesha mahali ambapo mfereji wa maji ya mvua umezibwa na ni nani amejenga juu yake. Anayeijua Bwaise mvua inaponyesha atajua kwa nini ukurasa huo ulisomwa kwanza. Tulichapa nakala 500 kwa wino mweusi peke yake, kwenye ofseti ya zamani iliyotaka kubembelezwa kila asubuhi kama bibi harusi aliyenuna. Tulikunja kwa mikono, tukabana pini mbili katikati, na saa kumi na moja alfajiri vijana wakaondoka na mafurushi begani. Bei ilikuwa shilingi 500. Mkaanga rolex wa kwenye kona alinunua nakala mbili, moja ya kusoma na moja ya kufungia chapati na mayai yake, na jioni mteja wake mmoja alirudi na kipande chenye mafuta kuuliza kama nusu ya pili ya ramani ipo.

Baada ya toleo la tatu, mmoja wa waliotajwa katika ramani alibomoa ukuta wake mwenyewe usiku. Sikusimuliwa, nilipita asubuhi nikaona matofali.

Toleo la saba lilikuja na mfadhili. Simtaji, na naamini nia yake ilikuwa njema. Alilipia karatasi ya kung'aa, rangi nne, posho za usafiri na semina ya siku tatu hotelini. Masharti yalikuwa mepesi: kijarida kiandikwe kwa Kiingereza ili ripoti isomeke ng'ambo, nembo ikae kwenye jalada, na maneno yawe ya kujenga. Ukurasa wa nne haukuondolewa na mtu. Ulisogezwa hadi wa saba, kisha ukapunguzwa nusu, kisha ikaja picha ya watu wakipeana mikono ambayo haikuwa na mahali pengine pa kukaa. Aliyeiweka picha hiyo ni mimi, kwa kipanya changu. Nakala zilifika 3,000, nyingi zikaishia kwenye meza za mapokezi maofisini, na mkaanga rolex akaniambia kwamba karatasi hii mpya haifai kitu kwa sababu hainyonyi mafuta. Mradi ulipokwisha, kijarida kilikwisha mwezi ule ule, kwa kuwa hapakuwa na aliyekumbuka tena namna ya kukiuza.

Naomba michango, na hasa ya wanaoona nimekosea.

Binti Kisenyi

Kaka Mpanga Kurasa, ahsante kwa uzi. Nakuunga mkono nusu, na nusu nyingine nakupinga kwa kukupeleka mtaani kwetu.

Hapa Kisenyi tuna kizindaalo. Kwa wasomaji wa ng'ambo ya mipaka yetu: ni bomba la chuma lililosimikwa juu ya paa, spika nne za pembe zimeelekezwa pande nne, na chini yake kibanda cha mabati ambamo mama mmoja amekaa na amplifaya, maikrofoni iliyofungwa kitambaa, na daftari. Kila tangazo huandikwa kwanza katika daftari: jina la anayetangaza, namba yake ya simu na kiasi alicholipa. Tangazo la kawaida ni shilingi 2,000. La mtoto aliyepotea ni bure. Mama hulisoma kwa Kiluganda, kisha kwa Kiswahili, na kama mwenye tangazo ni Msomali humkabidhi maikrofoni aseme mwenyewe. Saa kumi na mbili jioni huwaachia vijana robo saa ya mashairi, na nimewasikia humo wakisema juu ya wenye nyumba na juu ya vyoo mambo ambayo hakuna redio yenye leseni ingeyarusha. Hiyo ndiyo sauti unayoitafuta: ya bei ndogo, ya lugha ya watu, isiyo na mfadhili.

Lakini Julai 2018 tulipochagua wenyeviti wa LC1, yaani halmashauri ya kijiji au mtaa, kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, kizindaalo hicho hicho kilinunuliwa wiki nzima na mgombea mmoja. Alilipa matangazo yote ya siku kwa mpigo, asubuhi mpaka usiku, na mpinzani wake alipokuja na shilingi 2,000 zake aliambiwa daftari limejaa. Kitu cha bei ndogo, kaka, hununulika pia kwa bei ndogo. Gazeti kubwa litahitaji tajiri ili linunuliwe. Sauti ya mtaani mtu huinunua kwa pesa ya mbuzi mmoja. Na sijasema juu ya wagonjwa na watoto wachanga wanaoishi chini ya pembe hizo, ambao hawakuulizwa.

Mwalimu wa Gulu

Ndugu mwanzisha uzi, mizani yako inapima kitu kimoja tu, nayo Kaskazini ingetudanganya.

Mega FM ilianza hapa Gulu mwaka 2002. Ukiuliza nani alilipa, jibu litakukatisha tamaa mapema: fedha za kuijenga zilitoka kwa Waingereza, na serikali ilikuwa na mkono wake ndani. Kwa kipimo chako ungeitupa. Hata hivyo kituo hicho kilikuwa na kipindi cha Dwog Cen Paco, maana yake rudi nyumbani, ambamo vijana waliotoroka kutoka kwa waasi wa LRA walikaa mbele ya maikrofoni wakawaita kwa majina wenzao waliobaki porini, wakawaambia kwamba wao wamefika, wako hai, hawakuuawa kama walivyotishwa. Porini redio ndogo zilikuwepo, na waliosikia walitoka. Mimi nimefundisha darasani watoto wa waliotoka hivyo. Mzazi ambaye mwanawe amerudi kwa kusikia sauti ya rafiki yake, utamwambia nini juu ya nani alilipia mnara?

Naona kwamba uhuru wa kituo na faida ya kituo ni mambo mawili, na uzi huu umeyafunga kamba moja.

Jirani wa Wakaliga

Nichangie kwa ufupi, kwa sababu mfano wangu uko ng'ambo ya barabara. Isaac Nabwana alianza kutengeneza filamu Wakaliga, hapa Kampala, kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe kutokana na vipuri, na filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, imezunguka dunia kwa mtandao. Wageni huja kumpiga picha na kusema ni maajabu ya umaskini. Sisi majirani tuliyaona mengine. Tuliona waigizaji wenyewe wakitembeza DVD mlango kwa mlango, upesi upesi, kabla wanakili wa mjini hawajazitoa za bandia. Aliyekuuzia filamu ndiye aliyepigwa risasi ndani yake, na ukimlalamikia juu ya mwisho wa hadithi anakusikia, na filamu ijayo imebadilika.

Kabla yake palikuwa na vibanda vya video, ambapo veejay huzungumza juu ya filamu ya Kihindi au ya Kimarekani kwa Kiluganda, akiwapa wahusika majina ya hapa kwetu na akipenyeza katikati ya mapigano neno juu ya bei ya sukari. Serikali iliyakagua magazeti miaka yote hiyo na kusahau kwamba mtu aliyeshika maikrofoni kwenye kibanda cha mbao anazungumza kila usiku na watu wengi kuliko mhariri. Nasema kwa mzaha, lakini si mzaha sana.

Mpanga Kurasa

Mwalimu, umenipata, nami siwezi kukwepa. Narekebisha hivi: swali la nani analipa halituambii kama chombo kitafaa watu leo, linatuambia kitakachotokea siku mlipaji na watu watakapotofautiana. Mega FM ilikuwa na bahati kwamba Mwingereza, serikali na mama wa Gulu wote walitaka jambo moja, yaani watoto warudi. Bwaise, mfadhili hakutaka ugomvi na mwenye ukuta, na mwenye nyumba yenye maji sebuleni aliutaka. Hapo ndipo mlipaji huonekana.

Dada Binti Kisenyi, kuhusu daftari lililojaa sina jibu, ila swali: wiki ile, mama alisoma matangazo ya watoto waliopotea?

Binti Kisenyi

Aliyasoma. Katikati ya hotuba za mgombea, bila kumwomba ruhusa.

Mnunua Bando

Nawasoma wote mkizungumza juu ya karatasi na spika, nami najiuliza kama hamjui kwamba mtaa umehamia kwenye simu.

Aprili 2023 Jimmy Spire Ssentongo, mchoraji wa vibonzo na mhadhiri, aliwaita wakazi wa Kampala wapige picha mashimo ya barabara zao na kuyaweka mtandaoni kama watu wanaoandaa maonyesho ya sanaa. Jiji likajaza jumba hilo lisilo na kuta: shimo lenye bata, shimo lililopandwa mgomba, shimo lililopewa jina la mheshimiwa. Ulikuwa utani, na utani katika nchi hii hufika mahali ambapo barua rasmi husubiri kwenye trei. Baada ya siku chache Rais aliagiza shilingi bilioni 6 zitolewe kwa mamlaka ya jiji kwa ajili ya barabara hizo. Mwaka uliofuata yeye pamoja na Agather Atuhaire na wenzao walifanya maonyesho ya namna hiyo hiyo juu ya matumizi ya Bunge, safari hii kwa nyaraka badala ya picha za mashimo, na kicheko kikapungua.

Sasa tumia mizani yako, ndugu Mpanga Kurasa. Nani alilipa? Hapakuwa na mfadhili, mhariri wala tangazo. Kila mtu alilipa kwa bando lake. Ungesema huo ndio uhuru wenyewe. Lakini kumbuka kwamba kuanzia Julai 2018 tulitozwa shilingi 200 kwa siku ili kufungua mitandao ya kijamii, na ushuru huo ulipoondolewa mwaka 2021 ulifuatiwa na asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Maana yake ni kwamba mimi ninayemkosoa mkubwa namlipa kwanza ndipo nimkosoe. Na swichi haiko kwangu: Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na iliporudi Facebook haikurudi nayo. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kile kilichowapeleka watu rumande kwa neno la kuudhi, jambo jema. Ila mahakama haina ufunguo wa mnara.

Kwa hiyo mlipaji anaweza kuwa ni mimi mwenyewe, na bado nisiwe mwenye nyumba. Hilo uliongeze kwenye hoja yako.

Mzee wa Malaba

Wanangu, mmesema vizuri, na mmesema kwa Kiswahili, jambo linalonifurahisha na kunishangaza pamoja. Maana vyombo vyote mlivyovitaja, mbali na yule mama wa Kisenyi, havisemi Kiswahili. Ekimeeza kilikuwa cha Kiingereza na Kiluganda. Veejay ni Kiluganda. Hata habari zile zilizofokwa na vijana kwenye NTV kuanzia 2014, NewzBeat, zilikuwa kwa Kiingereza na Kiluganda. Mwalimu wetu wa Gulu ametuletea Kiacholi, sawa kabisa. Kiswahili kiko wapi?

Mimi nimekuwa hapa mpakani nikipitisha mizigo tangu enzi ambazo Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na watu wa Kampala walijifunza maneno matatu ya kwanza wakiwa wamenyanyua mikono. Mtu aliyefundishwa lugha hivyo haendi kuinunua gazetini. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, Baraza la Mawaziri likapitisha tena mwaka 2022 kifundishwe shuleni kwa lazima, na yote hayo ni karatasi ya juu. Kwa kipimo cha mwanzisha uzi, lugha nayo inataka mlipaji wa chini.

Niwachekeshe kidogo. Tamasha la Jinja lililoanza mwaka 2015 linaitwa Nyege Nyege, na kwa Kiluganda wanasema ni ile hamu ya ghafla ya kucheza ngoma inapolia. Nilipomwambia dereva mmoja wa Mombasa kwamba nampelekea abiria waendao Nyege Nyege, alizima gari akanitazama. Waziri wa maadili alitaka kulizuia mwaka 2018, na Bunge likalikataza mwaka 2022 kabla Waziri Mkuu hajaliruhusu kwa masharti. Nadhani wakubwa wetu walilisoma jina kwa Kiswahili, na huo ndio ushahidi pekee nilio nao kwamba Kiswahili kimeingia Bungeni. Tamasha lenyewe nalipenda, kwa kuwa linawapa jukwaa wanamuziki ambao redio za mjini haziwapigi. Ila wanaolipa kiingilio, wengi wao niliowavusha mimi, wametoka mbali, na kijana wa Njeru, mji jirani na Jinja, anausikiliza muziki huo akiwa upande wa pili wa uzio.

Swali langu kwako, mpanga kurasa: hapa Malaba madereva hulala kwenye foleni siku mbili, tatu, wakisubiri kuvuka. Mtanzania, Mkenya, Mkongo, Mnyarwanda, Mganda, wote wanaelewana kwa Kiswahili, na hawana cha kusoma isipokuwa karatasi za forodha. Hao si wasomaji? Hao hawana shilingi 500?

Mpanga Kurasa

Mzee, shikamoo. Nimelala na swali lako, na asubuhi nikafungua dukani nikafanya hesabu badala ya kukujibu kwa maneno.

Rimu moja ya karatasi ya A4 ina shuka 500. Nikiikunja kila shuka mara moja napata nakala 500 za kurasa nne, wino mweusi, bila pini. Ofseti ile ya zamani bado ipo, na imenuna vilevile. Ukurasa wa kwanza ungekuwa wa Malaba: urefu wa foleni, choo kipi kina maji, nani anaomba kitu kidogo na kwa kisingizio gani, bila jina mpaka tuwe na mashahidi watatu. Ukurasa wa pili na wa tatu ni wa madereva wenyewe, mashairi na visa, kwa maana nimewasikia redioni wakipiga simu usiku na najua hawakosi maneno. Wa nne nauacha wazi kwa ramani. Sitaki mfadhili, na nembo pekee itakayokaa mbele ni bei. Likinunuliwa nakala 200 rimu imejilipa na nauli ya mleta habari imepatikana. Lisiponunuliwa, nitajua baada ya wiki moja badala ya mwaka mmoja wa semina.

Mzee, nahitaji mtu mmoja hapo mpakani wa kuuza, asiyeogopa kuambiwa kwamba habari si kweli. Dada Binti Kisenyi, madereva wengi wa Juba na Goma hupitia kwenu kununua vipuri. Muulize mama kama anaweza kulitangaza toleo la kwanza kwa Kiswahili, Ijumaa.

Mzee wa Malaba

Mtu ninaye. Ni binti wa dada yangu, anauza chai kwenye foleni, na hakuna dereva aliyewahi kumshinda kwa maneno.

Binti Kisenyi

Nimemuuliza. Anasema ni shilingi 2,000 kama tangazo lingine lolote, na kwamba la bure ni la mtoto aliyepotea tu.